Bastola ya Kiunoni

Mzee Obadia alijulikana Nachingwea kwa mambo mawili: mikanda yake ya ngozi haikatiki, na hamjibu mtu kabla hajamaliza mshono. Kwa hiyo Inspekta Getruda Chilumba alisimama mlangoni mwa kibanda cha mabati, bahasha ya kaki kwapani, akingoja sindano ipite tundu la mwisho. Nyuma yake Koplo Silvanus alikuwa akitazama saa kila baada ya dakika, na kila alipoitazama Getruda alizidi kuudhika, maana saa alikuwa nayo hata yeye.

Ilikuwa saa nne kasorobo, Jumanne. Kesho yake saa tatu asubuhi jalada la Yasini Mchopa lilikuwa linapelekwa mahakamani Ruangwa kwa kosa la kujaribu kuua.

"Shikamoo, mzee," Getruda alisema sindano ilipowekwa chini.

"Marahaba. Polisi wawili kwa mkanda mmoja?"

"Hatujafuata mkanda. Nimekuletea kitu ukiangalie. Nasikia ulikuwa fundi wa silaha jeshini."

"Miaka ishirini na sita. Sikio la kushoto nimeliacha huko huko, kwa hiyo kaa upande huu na useme kwa sauti."

Getruda alihamia upande wa kulia na kufungua bahasha. Ndani, kwenye mfuko wa plastiki wenye lebo, kulikuwa na bastola ndogo nyeusi inayoweza kulala kwenye kiganja cha mtu mzima. Aliitoa stoo ya vielelezo asubuhi hiyo, akasaini mara tatu, na mtunza stoo alimtazama kama mtu anayeazima mtoto wa wenyewe.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi mchana, kule machimboni Namungo, majirani walisikia mlio mmoja wakamkuta kijana Mohamedi chumbani kwake, paja la kulia limetobolewa na risasi, damu imejaa sakafuni. Mohamedi alisema mtu aliyefunika uso alipiga teke mlango, akamfyatulia, akakimbia. Mtu huyo hakuonwa na yeyote, ingawa Namungo mchana hata kuku akipita anaonwa. Mtu pekee aliyejulikana kuwa na bastola eneo lote lile alikuwa Yasini, broka wa dhahabu, mwenye kibali halali na mihuri yake yote. Yasini ni mume wa Zuena, na Zuena ni dada wa Mohamedi wa tumbo moja.

Walimkamata Jumapili na bastola wakaichukua nyumbani kwake. Yasini alisema saa ile ya mlio alikuwa peke yake kwenye pikipiki akitokea Chinongwe. Silvanus alicheka kidogo aliposikia hivyo, kwa sababu kila mtuhumiwa huwa na safari aliyokuwa peke yake. Lakini Yasini aliongeza jambo jingine: tangu aipate, bastola ile hajaipiga hata mara moja, na mtu mmoja tu mwingine ndiye aliyeishika, fundi ngozi wa Nachingwea anayeitwa Obadia, wiki mbili nyuma. Getruda aliliandika jina hilo mara moja. Majibu ya wataalamu kutoka Dar es Salaam yangechukua wiki kadhaa. Nachingwea ilikuwa asubuhi moja tu ya barabara.

Kulikuwa pia na ushahidi wa Goreti, mama anayeuza wali pale machimboni. Aliwasikia shemeji wale wawili Ijumaa, Yasini akimwambia Mohamedi, "Wewe nitakuzika mimi kwa mikono yangu." Silvanus, mzaliwa wa Musoma, aliipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Getruda, aliyezaliwa Nachingwea hii hii, alimuuliza Goreti swali moja tu: Mohamedi alijibu nini? Goreti akasema Mohamedi alijibu kwamba kaburi lake lichimbwe refu, Yasini apate kuchoka, na wote wawili wakaendelea kula sahani moja. Utani wa mashemeji wa huku huanzia mazishini. Getruda aliufuta ule mstari mwekundu, lakini kuufuta hakukumtoa Yasini mahabusu.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa benchi la kituo. Zuena alikuwa amekaa pale siku mbili, akitoka hospitalini kwa mdogo wake anakuja mahabusu kwa mume wake, anarudi tena. Jana jioni alimshika Getruda mkono.

"Afande, mimi sikuombi umwachie," alisema. "Nataka kujua tu. Kama Yasini ndiye aliyempiga mdogo wangu, siwezi kulala kwake tena. Nikirudi kwetu, wanangu hawana baba. Popote nitakapokanyaga nimemkanyaga mtu wangu."

Maneno hayo Getruda alisafiri nayo njia nzima.

Mzee Obadia alifuta mikono kwa kitambaa, akasoma lebo akiisogeza mbali na macho. "Nani ameandika hapa 'ina masalia meupe ya baruti'?"

"Mimi," alisema Silvanus.

"Wewe umewahi kuona baruti iliyoungua?"

"Nimewahi."

"Ilikuwa nyeupe?"

Silvanus aliisogelea lebo akaisoma upya. Mzee alitoa magazini, akahakikisha ni tupu. Kisha akajaribu kuvuta sehemu ya juu nyuma. Ilikwenda nusu, ikakwaruza, ikagoma; akachungulia chumba cha risasi, hakikuwa na kitu. Akaigeuza. Ubavuni, juu ya kitako, palikuwa na manyoya meupe membamba yaliyochomoza kwenye chuma kama ukungu wa mkate. Alipuliza, manyoya yakapeperuka, na chini yake pakaonekana shimo lenye kingo zilizomung'unyika.

"Tazama kitambaa," alisema, akipangusa mara moja. Kwenye kitambaa palibaki tone moja dogo la fedha, likaviringika, likagawanyika mawili.

"Zebaki," Getruda alisema.

"Zebaki, ile ya kukamatia dhahabu. Sasa nikuulize, huyu kijana zebaki yake huiweka wapi?"

Getruda alilijua jibu, kwa sababu alikuwa amevikagua vitu vya Yasini kimoja kimoja. "Mfuko wa kiunoni. Kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Pamoja na mzani."

"Na bastola humo humo." Mzee aliguna. "Watu wa dhahabu wote ndivyo walivyo, duka zima kiunoni. Zebaki haina ugomvi na chuma cha kawaida, ungeweza kuilaza usiku kucha. Lakini hizi ndogo za kuficha hutengenezwa ziwe nyepesi, mtu asijue umebeba nini. Huku juu ni chuma, lakini mwili huu wa chini ni alumini, kama sufuria yako ya nyumbani. Ikishakwaruzika kidogo na zebaki ikaingia, imekwisha. Aliyeibuni hii huko kwao hakumfikiria mtu wa Namungo."

"Jumamosi ingeweza kupiga?"

"Isingepiga."

"Mzee, wakili wa serikali ataniuliza unajuaje. Atasema labda imeliwa ikiwa stoo kwetu tangu Jumapili."

Mzee Obadia alimtazama Silvanus, akamtazama Getruda, akashusha sauti kwa mara ya kwanza. "Nikisema mtanifunga?"

"Kwa kosa gani?"

"Sijui. Kosa mnalo nyie."

"Sema kwanza, mzee."

Aliinama chini ya meza akatoa kopo la rangi ya viatu. Ndani, katikati ya misumari na vifungo, alichagua kijiti chembamba cha chuma, kifupi kuliko njiti ya kiberiti, akakiweka juu ya meza mbele ya Getruda.

"Hii ndiyo pini inayogonga risasi ikalia. Ni ya hiyo hapo. Alikuja Alhamisi, wiki mbili zilizopita, anataka nimshonee mfuko wa kuivaa ndani ya suruali. Nikaiona imeshaanza kuota manyoya. Nikamwambia rudisha ulikonunua, na usiweke risasi hata moja. Akasema biashara haiwezi kusimama. Mbishi kweli kweli. Akaenda kununua soda, nikaifungua nikaitoa pini."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia angetafuta pini nyingine. Mwili ule ukipasuka anampasukia usoni. Nilijua siku akijaribu kuipiga itakataa, atapanda pikipiki kuja kunitukana, na atakuwa na uso wa kunitukania."

Silvanus alikohoa. "Na kama alipata pini nyingine bila wewe kujua?"

Lilikuwa swali zuri na Getruda alifurahi kwamba limetoka kwake. Mzee naye hakukasirika. Aliigeuza bastola, akawaonyesha kwa nyuma, pale pini inapoingilia. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kitu cha rangi ya asali, na juu yake palikuwa na alama ya dole gumba.

"Nta ya kupakia uzi," alisema. "Niliziba mimi nijue kama kuna atakayepachezea. Dole hili hapa." Alilinyoosha dole gumba lake la kulia, lenye kovu la kisu lililokata katikati. Kwenye nta kovu hilo lilionekana wazi, mstari mmoja ulioinama.

Getruda alipiga picha sita kabla hajasema neno. Kisha akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa amejiandaa kwa asubuhi ya kesho tangu Jumapili, na sasa alijisikia kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Bastola ya Yasini haikuwa bastola tena tangu wiki mbili zilizopita. Ilikuwa jiwe lenye kibali.

Aliandika maelezo ya mzee, akamsomea kwa sauti upande wa kulia, mzee akasaini. Silvanus ndiye aliyeuliza lililobaki.

"Afande, Mohamedi ana tundu la risasi pajani. Kama siyo hii, ni ipi?"

Mzee Obadia hakuwa na habari na Mohamedi. Alikuwa bado na hasira zake na bastola ndogo kwa jumla. "Watu wanadhani ikiwa ndogo basi inachomekwa popote," alisema. "Wanakuja hapa, naambiwa mzee nishonee ala nyembamba isionekane. Nawaambia isionekane siyo kazi. Kazi ni ikae hapo siku nzima ikiwa na risasi na wewe unapanda pikipiki, unainama, unachuchumaa, unasalimia wakubwa. Hizi nyingine hazina hata kizuizi cha usalama. Triga iko wazi, shati likiingia pale umekwisha. Hebu simama, afande. Chukua."

Alimpa ile ile, tupu, isiyo na pini wala magazini. Getruda alikuwa amevaa kiraia, suruali na blauzi ndefu. Aliichomeka mbele, upande wa kulia wa kitovu, akashusha blauzi.

"Koplo, unaiona?" mzee aliuliza.

"Siioni," alisema Silvanus.

"Basi wote huridhika hapo," alisema mzee. "Wanajitazama kwenye kioo, wanaona hakuna kitu, wanaona wameshapata. Sasa kaa."

Getruda alikaa. Kitako cha bastola kilimchoma tumboni.

"Mtutu unatazama wapi?"

Alifunua blauzi kidogo akaangalia. Ndani ya suruali, kiganja kimoja chini ya mkanda, mdomo wa bastola ulikuwa umelalia paja lake la kulia, ukiangalia gotini.

Hakuinuka haraka. Alikuwa akiisoma upya kichwani fomu ya polisi namba tatu iliyojazwa hospitalini. Jeraha la kuingilia: paja la kulia, juu, kiganja kimoja chini ya kiuno. Jeraha la kutokea: paja hilo hilo, juu ya goti. Risasi ilishuka. Mtu akikupigia kutoka mlangoni nawe umesimama, inapita moja kwa moja kwenda nyuma. Ukiwa umekaa unamtazama, inaingilia gotini na kupanda. Walikuwa wamelizunguka jambo hili siku mbili, Silvanus amechora hadi ramani ya chumba, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kujichomeka bastola kiunoni akae chini.

"Silvanus," alisema, "risasi mliitafuta wapi kule chumbani?"

"Ukutani. Na kwenye mlango."

"Sakafuni je?"

Koplo alitoa daftari akaliandika neno hilo.

Walimshukuru mzee. Getruda alimwambia kwamba hatafungwa, ila siku ya kuitwa mahakamani aje na dole gumba lake. Mzee akasema watume gari. Akarudi kwenye sindano yake, na walipoondoka hakuwaaga, kwa sababu mshono ulikuwa umeshaanza.

Njiani kurudi Ruangwa, Silvanus akiendesha, Getruda alimpigia muuguzi Dafrosa wa wodi ya wanaume.

"Suruali aliyokuja nayo Mohamedi iko wapi?"

"Tuliikata kwa mkasi, afande. Iko kwenye mfuko wa rambo kabatini. Dada yake aliiomba akaifue, nikamwambia asubiri kidogo."

"Ubarikiwe, sista. Isifuliwe. Asiiguse mtu."

"Kuna tatizo?"

"Sidhani," alisema Getruda, na alishangaa kusikia sauti yake imechangamka.

Walifika saa saba na nusu. Kwenye chumba cha sindano Dafrosa alitandika gazeti mezani, wakaitandaza ile jinzi, mguu mmoja uliokatwa kutoka chini hadi mkandani. Damu ilikuwa imekauka ikawa ngumu. Getruda alivaa glavu akaanzia chini. Juu ya goti palikuwa na tundu, nyuzi zake zimechomoza kwa nje. Hapo risasi ilitokea. Akapanda polepole kwa vidole, kitambaa chote, mshono kwa mshono, mpaka mkandani. Akaigeuza upande wa ndani, akashuka tena. Pale walipokata kwa mkasi aliunganisha kingo mbili, zikakutana bila pengo.

Silvanus alikuwa ameinama karibu. "Tundu la kuingilia liko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Halipo."

"Lakini kwenye paja lipo."

"Lipo. Suruali ina tundu moja, paja lina matundu mawili. Kwa hiyo risasi ilipoanza safari ilikuwa tayari iko ndani ya suruali."

Akamwonyesha upande wa ndani, chini kidogo ya mkanda: doa jeusi lililoungua, ukubwa wa kifuniko cha soda. Hii ndiyo ilikuwa baruti, na ilikuwa nyeusi. Getruda aliona aibu, na aliisema. "Mfuko huu umekaa kabatini siku tatu, mita kumi kutoka kitandani kwake. Kosa hili ni letu sote, na la kwanza ni langu." Kisha akaikunja jinzi ndani ya gazeti.

Mohamedi alikuwa ameegemea mto, mguu umefungwa bendeji kubwa, Zuena pembeni yake na bakuli la uji. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, ndevu zake zilikuwa bado zinatafuta pa kuota. Getruda alimwomba Zuena awapishe kidogo. Zuena alitoka bila kuuliza, lakini mlangoni aligeuka akawatazama wote kwa zamu.

"Unaendeleaje, Mohamedi?"

"Namshukuru Mungu, afande."

"Nataka nikamilishe maelezo yako, nina mambo mawili tu. Yule mtu aliposukuma mlango, ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Jumamosi ulisema umekaa."

"Nilikuwa nakaa. Nilikuwa naanza kukaa."

"Alisimama wapi yeye?"

"Pale mlangoni."

"Sawa." Getruda aliitandaza jinzi juu ya shuka, taratibu, kama mtu anayeanika nguo. "Hii ni suruali yako?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe alipokupiga."

Mohamedi aliweka kidole juu ya goti. Akasita. Akakipandisha juu, chini ya mkanda, kidole kikatafuta. Kikaenda kushoto, kikarudi kulia. Getruda alimwacha atafute. Katika kazi hii kuna maswali ambayo mtu hujibiwa na kitambaa, na ukiingilia unaharibu. Kitanda cha pili mzee mmoja alikuwa anakoroma. Kidole cha Mohamedi kilisimama pale kwenye doa jeusi.

"Ulikuwa unaiangalia kwenye kioo?" Getruda aliuliza kwa upole.

Kijana alifumba macho. Chozi moja likateremka hadi sikioni. "Ulijuaje?"

"Nimefanya hivyo hivyo asubuhi hii. Ila yangu haikuwa na risasi."

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumbana. Maneno yalitoka yenyewe, na Silvanus alilazimika kumwomba apunguze mwendo. Mohamedi alikuwa ameanza kununua dhahabu kidogo kidogo na alitaka kuwa kama Yasini. Yasini alikuwa na bastola na watu walimpisha njia. Kibali kilikuwa na safari ndefu, kamati ya kijiji, ya kata, ya wilaya. Mtu mmoja wa kupita akampa bastola ndogo, akamwambia aijaribu wiki moja, akiipenda watazungumza. Jumamosi kulikuwa na mechi. Alitaka aende uwanjani nayo, aone kama anaweza kukaa katikati ya watu na wasijue. Akavaa jezi, akachomeka, akajiangalia mbele, akajiangalia ubavuni. Haikuonekana. Akakaa kitandani aone ukikaa inakuwaje, jezi ikakunjamana, akaingiza mkono kuivuta jezi.

"Ikalia," alisema. "Nilidhani kweli kuna mtu kanipiga. Naapa, afande, nilitazama mlangoni."

"Mlango nani aliupiga teke?"

"Majirani. Walipokuja kunitoa."

"Na kwa nini ukamtaja Yasini?"

"Sikumtaja. Mimi nilisema mtu aliyefunika uso. Nyie ndiyo mkauliza nani ana bastola, watu wakasema Yasini."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Niliogopa bastola isiyo na kibali. Nilisema mtamwuliza, mtamwona hana kosa, atatoka siku hiyo hiyo." Aliuma mdomo. "Siku ya pili yake nikaona nimeshachelewa kusema."

Getruda alikasirika, na alimwacha aone. "Kunyamaza kwako kumemlaza shemeji yako kwenye sakafu ya saruji siku mbili. Kesho kungempandisha kizimbani. Bastola iko wapi?"

"Kwenye gunia la ufuta, nyuma ya mlango. Nilijikokota nikaisukumiza humo kabla hawajaingia."

Silvanus alikuwa ameshashika funguo za gari. Getruda alibaki, akakaa kando ya kitanda zaidi ya saa nzima. Mohamedi aliomba maji mara mbili. Simu ililia saa tisa kasoro dakika chache.

"Ipo, afande," Silvanus alisema, na nyuma yake zilisikika sauti za watu waliojaa mlangoni. "Mwenyekiti wa kitongoji ameshuhudia. Ina risasi tano, ya sita ganda lake limebana mle mle. Mkeka umetoboka, na chini yake, mbele ya kitanda, kuna tundu sakafuni. Nimechimba kwa kisu. Risasi ninayo mkononi."

"Safi sana, Silvanus."

"Ufuta umeingia kila mahali, lakini."

"Usiupangushe. Njoo nao hivyo hivyo."

Alimpigia mkuu wa upelelezi wa wilaya, akamweleza kwa mpangilio: pini, nta, suruali, gunia, sakafu. Mkuu alimwuliza mara mbili kama ana hakika, na mara zote mbili alijibu bila kuvuta pumzi. Kisha akasikia sentensi aliyokuwa akiitafuta tangu Jumapili: Yasini atolewe sasa hivi, na jalada la kesho lisiende.

Alikata simu, akamgeukia Mohamedi. "Dada yako yuko koridoni. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe."

"Afande, nisaidie."

"Ndiyo nakusaidia."

Zuena aliingia akiwa ameshajiandaa kwa baya. Alikuwa amejifunga kanga yake vizuri kiunoni, kama wanawake wanavyojifunga wakisikia kilio cha jirani. Alisimama miguuni mwa kitanda. Mohamedi alianza katikati, akarudi mwanzo, akarukia kwenye jezi, akataja kioo. Zuena alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyetaka kukuua," alisema.

"Hakuna, dada."

"Na Yasini hakukugusa."

"Hakunigusa. Hakuwepo hata karibu."

Zuena alikaa pale pale ukingoni mwa kitanda, akafunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Getruda alipiga hatua amshike, kisha akasikia kwamba ni kicheko, na ndani ya kicheko kulikuwa na kilio, na Zuena mwenyewe hakuwa anavitenganisha. Mzee wa kitanda cha pili aliamka akauliza kuna nini. Dafrosa akamwambia ni habari njema, alale.

"Alhamdulillahi," Zuena alisema, akijipangusa. "Nina mume mjinga anayezunguka na bastola isiyolia. Nina mdogo wangu mjinga aliyejipiga mwenyewe. Na wote wawili wazima. Sitaki kitu kingine."

"Dada, mimi watanifunga," Mohamedi alisema.

Zuena alimtazama Getruda. Getruda hakuficha: kumiliki silaha bila kibali ni kosa kubwa, na kudanganya polisi ni jingine. Mahakama itaangalia kwamba ameonyesha ilipo na atamtaja aliyempa. Zaidi ya hapo hakuahidi.

Zuena aliinama, akamfunika mdogo wake shuka mpaka kifuani, akaliweka vizuri.

"Watakufunga," alisema. "Nitakuletea chakula. Na Yasini ndiye atakayenipakia kwenye pikipiki kuja kukuona."